Zamu ya Kwenda Kariakoo

Kabla sijazaa, duka letu la vitenge pale Nyakabiga lilisifika kwa macho yangu ya kuchagua. Mimi ndiye niliyepanda basi, nikavuka mpaka hadi Dar es Salaam, nikazunguka Kariakoo mpaka miguu ikavimba, na nilichokileta hakikukaa rafuni. Kisha nikamzaa Yasmina, na kaka yangu Massoudi akanionea huruma. Huruma hiyo imenikalisha nyuma ya kaunta miaka kumi na minne.

Safari akazichukua yeye. Ana moyo mzuri kaka yangu, lakini kwenye rangi ni kipofu asiyejijua. Huleta vitenge ambavyo hata mapazia yangevikataa, nami ndiye wa kuvitetea mbele ya wateja.

Mbona sikukataa? Massoudi aliniambia mume wangu, Rachidi, hataki nilale ugenini na mtoto mdogo nyumbani. Sikumuuliza Rachidi. Tulivyolelewa, kaka akishaleta neno la mume, unameza. Nikameza, nikamnunia Rachidi miaka bila yeye kujua sababu.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, Massoudi alikuja kula kwetu. Akasema Jumanne anasafiri. Nikaweka sahani chini.

"Apana, kaka. Safari hii naenda mi."

Akacheka, akamgeukia Rachidi. "Shemeji, unasikia bibi yako?"

"Nasikia," Rachidi akasema. "Lakini ni we uliniambiaka Saliha amechoka na njia, anataka kubaki na mutoto. Ndiyo maana sikumuuliza."

"Na mi uliniambia yeye ndiye anakataa," nikasema.

Massoudi akautazama wali wake. "Mulikuwa na mutoto muchanga. Nilitaka kuwasaidia tu."

Namwamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angekuwa mwizi ningejua pa kumshika. Nilitaka kulia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja, ila nina miaka arobaini na moja na basi la Jumanne halijaondoka.

"Yasmina atabaki na baba yake," nikasema. Rachidi akaitikia kwa kichwa, tena upesi.

"Na duka?" Massoudi akauliza.

"Utakaa we."

Akaokota punje ya wali mkekani.

"Safari hii moja?"

"Apana, kaka. Mpaka nizeeke."