Miche Iliyong'olewa

Siku aliyozikwa Mbok Kasinem, hakuna mwanamke aliyepanda mpunga pale kijijini. Yeye ndiye aliyeshika kamba ya kupandia, ile ya kunyoosha mistari, wenzake wakiifuata huku wakipanda kinyumenyume. Binti yake Ratmi, aliyebakiza mwaka mmoja wa sekondari, alikaa mlangoni akijua kuwa ada na nauli vilitoka kwenye mgongo wa mama. Mpandaji mwanamke alilipwa nusu ya mwanamume wa jembe. Kwa nusu hiyo, Ratmi angeshinda matopeni kila siku na shule aisahau.

Kesho yake asubuhi Pak Darsono, mwenye shamba, alikuja. Miche yake ilikuwa imeshang'olewa, imefungwa vitita, na mche ukishang'olewa haungoji.

"Pole, mwanangu. Kamba ya mama sasa ushike wewe. Ujira uleule."

Ratmi alisimama. "Pole tumepokea, Pak. Ila tunataka ujira wa wanaume."

"Wanaume wanalima. Ninyi mnainama tu."

"Basi inama wewe, Pak," alisema Lik Painah, mdogo wa marehemu, aliyekuwa nyuma ya Ratmi pamoja na wapandaji wengine. "Sisi tutakutazama."

Pak Darsono akaondoka kwa hasira, akawaita watu wake wa jembe. Wanawake wakajipanga juu ya tuta na mihogo ya kukaanga, kama wamekuja harusini. Wanaume walianza vizuri, kinyumenyume. Punde migongo ikawauma. Mmoja akageuka akapanda akienda mbele, wengine wakamfuata, kila mtu akikanyaga alichopanda mwenzake.

"Hapo mnapanda mpunga au nyayo?" Lik Painah aliuliza.

Tuta zima likaangua kicheko. Ratmi naye alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Jua lilikuwa limepanda, na vitita vya kando vimeanza kunyauka ncha.

Pak Darsono alikuja polepole, suruali imejaa tope. "Haya. Ujira wa jembe."

"Sema kwa nguvu, Pak. Wa kule mwisho hawajasikia," alisema Lik Painah.

"Ujira wa jembe!"

Ratmi alikuwa ameshaingia majini. Alivuta kamba mpaka ikanyooka, na wanawake wakainama.

Sasa wapandaji wote hulipwa sawa na watu wa jembe. Ratmi hushika kamba Jumapili. Siku nyingine huishika Lik Painah, nyongeza ya ujira wake ikisaidia ada na nauli, naye Ratmi yuko darasani.