Ufunguo Umekataa

Wacha niwaambie kabla nipasuke. Programu yangu imemkatalia bosi wangu mbele ya mkubwa wa Nairobi, na ilikuwa na haki kabisa kumkatalia!

Nianze polepole. Mimi ni Kageha. Nilimaliza koleji mwaka jana, wa themanini na tisa, sasa niko na kampuni ya mbegu ya mahindi hapa Eldoret mjini. Mbegu haitoki stoo yetu bila cheti cha makao makuu kusema imepimwa. Zamani hicho cheti kilikuwa karatasi tu, na wajanja wakawa wanachapisha zao. Wanachukua mahindi ya kula, wanapaka rangi, wanauzia watu. Maskini mkulima anapalilia, anaweka mbolea, halafu anavuna magunzi.

Sasa vyeti vinakuja kwa disketi, vimefungwa. Kuvifungua unahitaji ufunguo wetu, na si ule wa chuma, huu ni faili, uko kwa disketi yake peke yake ndani ya kabati ya Mzee Ondiek, meneja wetu. Na ufunguo wenyewe umefungwa na pasiwadi, ndio mtu akiiba disketi aibe plastiki tu. Hesabu za kufunga na kufungua ziko kwa maktaba. Si ya vitabu! Ni maktaba ya programu, wataalamu walishaandika kazi ngumu yote. Mimi niliandika programu ya kuitumia: chukua ufunguo kwa disketi, ingiza kwa kompyuta, chukua cheti, hakikisha sahihi ni ya Nairobi kweli, peleka kwa printa. Na inaongea Kiswahili. Mambo yakiwa sawa inasema UFUNGUO UMEINGIA. Yakiharibika, UFUNGUO UMEKATAA. Hiyo nilijipendea tu.

Basi leo Bwana Kabiru akaja kutoka makao makuu, suti, beji ya chama kifuani, hata chai alikataa.

"Nimekuja kuona hiyo kitu," akasema. "Ikifanya kazi inabaki. Isipofanya naibeba leo, mnarudi kwa karatasi."

Na mimi nirudi wapi? Hilo hakusema, lakini aliniangalia vile mtu anaangalia kiti ya ziada.

Mzee Ondiek hakuwa na wasiwasi, ingawa ufunguo wenyewe ulikuwa haujatumika hata siku moja tangu utengenezwe. Alikuwa ametangazia ofisi nzima kwamba leo Nairobi itajua Eldoret kuna watu. Akaketi mwenyewe, akaweka disketi, akaandika pasiwadi kwa kidole kimoja. Kwa skrini pasiwadi haionekani, zinatokea nyota tu.

UFUNGUO UMEKATAA.

"Yawa!" akasema. Akarudia. Ikakataa tena.

"Mzee, labda umesahau," nikasema.

"Nisahau? Nyathina, mtoto wangu, mimi nisahau kitu nilichagua mwenyewe? Njoo, kaa hapa, andika wewe." Akaniinamia sikioni, lakini sauti yake ni ile ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. "Gari ya samba!"

Nawaambia kwa sababu tumeshabadilisha. Hiyo mpya hata mkinichinjia kuku sisemi.

Nikaandika "gari ya shamba". Ikakataa. Nikaandika "gari la shamba", ile ya shule. Ikakataa. Bwana Kabiru akakohoa. "Unaona? Programu ya msichana ndiyo mbaya. Ufunguo uko, pasiwadi iko, meneja yuko. Sasa ni nini kimebaki?"

Mama Jeruto wa Moiben, alikuwa benchi ya mlangoni anangoja mbegu tangu asubuhi, akasema, "Msichana, mvua haiwezi kungoja hiyo televisheni yako."

Jamani, masikio yalipata moto. Lakini nilijua programu yangu. Nimeipima na funguo za majaribio mpaka nikaota nayo. Ikisema pasiwadi si hiyo, basi si hiyo. Nikajiambia, Kageha, mzee alisema nini hasa? Alisema samba. Nyumbani kwao ziwani hiyo "sh" huwa "s". Nikaandika "gari ya samba", nikafunga macho.

UFUNGUO UMEKATAA.

Bwana Kabiru akaanza kuchomoa waya wa printa.

"Mzee," nikauliza haraka, "siku ile mlitengeneza ufunguo, ni wewe uliandika?" Mimi sikuwepo. Niliamua mwandishi wa programu asijue pasiwadi, kwa hivyo nilitoka nje.

"Mimi? Na hii vidole? Nilimtajia Wanyonyi, akaandika."

Wanyonyi ni karani wa stoo, Mbukusu wa Bungoma, na leo alikuwa ameenda Chepsaita na lori. Lakini sikumhitaji yeye, nilihitaji mdomo wake! Kila siku namsikia pale uani: "Fungua mlango, kari imefika! Kari imejaa!"

"Bwana Kabiru, ngoja!" nikapiga kelele. Nikaandika vile Mjaluo alisema na Mbukusu akasikia: kari ya samba.

UFUNGUO UMEINGIA.

Printa, ule waya Bwana Kabiru alikuwa bado hajamaliza kuuchomoa, ikaanza kulia krrr, krrr, cheti cha kwanza kikatoka na sahihi imehakikishwa. Mzee Ondiek alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Jeruto akasimama. "Hiyo ndiyo yangu? Nipatie gunia, mambo ya kari mtaongea nikienda."

Wanyonyi aliporudi akaambiwa. Hata hakuona aibu. "Niliandika vile nilisikia. Kwani kari ni ya G?" Akanigeukia. "Na wewe Mmaragoli, usinicheke, nyinyi pia nawajua." Ni kweli, kwetu kuna herufi hatupatani nazo, lakini leo hatuongei juu yangu.

Bwana Kabiru alikuwa amesoma vyeti vyote, moja moja, akitafuta kosa. Hakupata. Akamwambia Mzee Ondiek, "Hii kitu imekataa mwenye nyumba mpaka aseme sawasawa. Ndiyo tunataka. Nitengenezee kopi, kesho niko stoo yetu ya Kitale."

Mzee akakunja mikono. "Usiniangalie mimi. Mwenyewe ni huyu. Muombe."

Suti ikageuka. "Miss Kageha, naomba kopi."

"Kopi peke yake haitoshi," nikamwambia. "Lazima mtu awaonyeshe vile ufunguo unaingia. Nitaenda mwenyewe."

Akaniangalia tena, na safari hii si kama kiti. "Sawa. Gari inatoka asubuhi. Utakaa mbele."

Niacheni basi, bado sijapiga nguo pasi!