Mwezi Aliokabidhiwa Nyumba

Matokeo yalipotoka na ikajulikana kuwa binti amepata nafasi chuoni, baba yake, fundi wa majokofu, alifanya jambo lililomkosesha mkewe usingizi. Siku ya mshahara alimtumia binti hela yote ya matumizi ya mwezi kwenye simu.

"Chakula, umeme, gesi, maji, nauli yangu na ya mama yako," alimwambia. "Mwezi huu nyumba ni yako, mama."

Alimwita mama kwa sababu binti alikuwa amerithi jina la bibi yake mzaa baba.

Mkewe, muuguzi wa hospitali, alimvuta mumewe jikoni. "Mtoto huyu hajui hata bei ya chumvi. Tutalala njaa."

"Tulale njaa hapa tukiwa wote. Huko atalala njaa peke yake."

Wiki ya kwanza walikula kifalme, kuku na soda kila jioni. Binti alinunua na viatu vyeupe vilivyopunguzwa bei, akajisemea kuwa ameokoa pesa. Wiki ya pili gesi ikaisha mchuzi haujaiva, na kesho yake umeme wa kulipia nao ukaisha. Akaangalia salio, akaliangalia tena, akamfuata baba yake sebuleni.

"Baba, niongezee kidogo."

"Nikuongezee nini, mama? Hela yote unayo wewe."

Hakukunja uso. Asubuhi alitoka kwa miguu kwenda karakana, begi la vifaa begani, na binti akamtazama dirishani mpaka alipokata kona. Roho ilimuuma. Mama yake naye alikuwa ameshafungua pochi ampe chochote, akajikaza, akaifunga.

Binti alilia, kisha akanawa uso. Viatu akamuuzia jirani kwa hasara, akanunua mkaa. Akagundua kuwa wauzaji wa sokoni wakikaribia kufunga, nyanya hushuka bei, naye akaanza kwenda saa hiyo. Akawashawishi majirani wanunue naye gunia la mchele kwa bei ya jumla, wagawane. Shoga yake alipompigia kumtaka achangie sherehe ya kuagana, alimwambia ukweli.

"Mwezi huu sina. Nitakuja kuwasaidia kupamba."

"Hata mimi sina," shoga yake akanong'ona. "Niliona aibu kusema."

Mwezi ulipokwisha taa zilikuwa zinawaka, mtungi wa gesi umejazwa, na mezani kulikuwa na nyama. Kando ya sahani ya baba yake binti aliweka nauli. Baba akala, akaongeza, akaongeza tena.

"Mke wangu," alisema akisukuma sahani, "tumtafutie sanduku. Huyu anaweza kwenda."

Muhula wa kwanza, fedha za kujikimu za wanachuo zilichelewa. Bweni zima likanywea. Waliozoea kushinda mikahawani wakaanza kukopana, kisha wakakimbiana. Binti alikuwa ametenga akiba tangu alipofika. Akawakalisha wenzake wa chumbani kitandani kwake, kila mmoja akatoa alichonacho, wakaanza kupika sufuria moja. Jioni vitunguu vyao vikanukia hadi kwenye ngazi. Wasichana wa vyumba vingine wakaja kugonga mlango, wakiuliza wao wanawezaje. Akawaonyesha, na mara bweni likawa na sufuria kila upande.

Simu ya baba yake ililia akiwa karakana. Alipoona ni binti, alivuta pumzi, akijiandaa kwa mabaya.

"Shikamoo baba. Nimepiga kukusalimia tu."

"Marahaba, mama. Nasikia huko hela hazijatoka. Umekula?"

"Nimekula, nimeshiba. Na wenzangu wameshiba."

Fundi aliweka bisibisi chini. Akabonyeza sauti ya nje, akaiinua simu juu ili karakana nzima isikie.

"Hebu rudia, mama," alisema.