Tusi Lenye Siagi

Asilkan alifika kijijini mwezi wa Septemba akiwa na sanduku moja, birika la umeme, na imani kubwa mno katika sifa. Katika chuo cha ualimu Bishkek, mji mkuu wa Wakirgizi, walimfundisha kwamba tendo likifuatwa na jambo jema hurudi, na likifuatwa na uchungu hujificha. Wenzake walilikariri wakafaulu mtihani, yeye akaliamini. Pengine ni kwa sababu nyumbani kwao hakuwahi kusifiwa hata siku moja.

Mama yake alikuwa mkavu. Ukutani kwao ilining'inia picha ya mtoto mchanga, kaka aliyekufa kabla Asilkan hajazaliwa, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Siku Asilkan alipoleta diploma, mama aliitazama kwa muda mrefu, akageuka pembeni akatema mate, akasema, "Lo, sura mbaya hii. Nani aliyekufundisha?" Asilkan akapanda gari kurudi mjini jioni ileile, kidonda moyoni. Tangu hapo wakawa wanaulizana hali ya hewa kwenye simu, mpaka mama alipofariki theluji ilipoanza kuyeyuka. Ndipo akaomba apangiwe kijiji cha mbali kuliko vyote, nao wakampa bila kubembelezwa.

Alipewa chumba nyuma ya shule. Alikula peke yake, akafua peke yake, na jioni alizungumza na birika, ambalo angalau lilimjibu lilipochemka. Wanakijiji walimsalimu kwa adabu, kisha wakaenda zao.

Aliyemfanya aamke asubuhi ni Tursunai wa darasa la pili. Wazazi wake walikuwa Moscow kwenye vibarua, naye aliishi na bibi yake, Batma. Darasani hakuwa akifungua kinywa. Asilkan hakumlazimisha. Alianza na kidogo kabisa: mtoto akitikisa kichwa, mwalimu naye anatikisa, basi, wanaendelea. Baadaye likaja neno moja la kunong'ona, kisha mstari mzima akiwa ameinamia dawati. Theluji ilipoziba njia ya mlimani, Tursunai alikuwa akimsomea jirani yake kwa sauti ya kusikika.

Halafu siku moja akasimama mwenyewe. Akasoma ukurasa mzima, hadithi ya mtoto wa farasi aliyepotea, bila kukwama. Hapo Asilkan akasahau vipimo vyote. Akapiga makofi, akaliamrisha darasa lipige.

"Mmemsikia? Shule nzima hakuna anayesoma hivi! Ana akili, ana sauti, na uzuri wote huu!"

Akabandika nyota nyekundu ukutani, kando ya jina lake. Tursunai alikuwa ameshaketi, amejifunika uso kwa skafu.

Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata. Watoto walisema ana homa. Asilkan akavaa viatu vya theluji, akaenda kwao. Bibi Batma alifungua mlango nusu, na moshi wa archa, majani ya mti wa mlimani aliyokuwa akimfukizia mgonjwa, ukatoka nje.

"Bibi, nimekuja kumwona Tursunai."

"Umemwona vya kutosha, dada mwalimu. Wewe na darasa lako zima."

"Nilimsifu tu, bibi."

"Si ndiyo hayo ninayosema? Umempigia makofi mjukuu wangu kama ng'ombe wa mnadani, macho yote yamemwangukia, na hata mate ya kufukuza kijicho hukutema. Huko mjini mmekaukiwa mate?"

"Ni homa ya baridi. Watoto wengi wanaumwa."

"Hao wengi hawaitwi Tursunai. Unaliita jina hilo kila asubuhi. Unalisikia lakini?"

Ndipo Asilkan alipolisikia. Tursun, yaani abaki. Jina la mtoto ambaye ndugu zake waliomtangulia hawakubaki. Yeye Mkirgizi, mwana wa Mkirgizi, alikuwa akiliita kila siku kama anayehesabu viti. Aibu ikamshika. Sifa alizodhani ni asali, kwa mtoto yule zilikuwa fimbo, na tendo lililochapwa fimbo limeshajificha.

"Sasa nikifurahi naye nifanyeje, bibi?"

"Mtukane kidogo, kama watu wengine." Batma akaufungua mlango vizuri. "Unadhani mtoto ni mjinga? Anajua tusi lipi lina siagi. Haya ingia, baridi inaniingilia ndani."

Tursunai alirudi shuleni akiwa bubu kama mwanzo. Asilkan alikuwa ameshaibandua nyota. Asilkan akaanza upya, kutoka kwenye kutikisa kichwa, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu mtoto alimkwepa macho. Jioni hata birika hakulisemesha. Aliogopa kwamba ameipoteza ile sauti kabisa, na kwamba hatapata nyingine ya kuisubiri asubuhi.

Barafu ya mtoni ilikuwa inaanza kupasuka siku Tursunai alipofungua kitabu na kusoma mstari mmoja, polepole, kwa wote. Darasa likamgeukia mwalimu. Asilkan akamsogelea, akageuka pembeni akatema mate, na maneno yakamtoka kabla hajayachagua.

"Lo, sura mbaya hii. Nani aliyekufundisha?"

Wenzake wakacheka. Tursunai akainua uso, akatabasamu mpaka pengo la jino likaonekana, akaendelea na mstari wa pili.

Asilkan akaenda kwenye jiko la darasa, akainama kuongeza samadi kavu ya kuchochea moto, ambayo haikuhitajika, mgongo kwa watoto. Machozi yalimtiririka, akayaacha. Mama alimsifu siku ile. Alimsifu kwa nguvu zake zote, na yeye akapanda gari. Hapakuwa tena na namba ya kupiga.

Nyuma yake, Tursunai alikuwa anasoma.