Bani la Jua la Goweko

Zamda aliachwa mdomo wazi, na hakuwa peke yake; hata punda wa Humaidi aliacha kutafuna. Ndugu Ngollo, mhandisi kutoka wizarani Dar es Salaam, alikuwa ameingia kukagua bani, banda la kukaushia tumbaku, akiwa na kidevu kitupu. Sasa amesimama mlangoni, ana ndevu hadi kitovuni. Ndevu zenyewe zinatembea.

"Yarabi!" Humaidi akanong'ona. "Mtu kaota nyuki!"

Mwaka ule mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima, na miti ya kijiji cha Goweko ilikuwa ikiishia kwenye mabani, kuni za kukaushia tumbaku. Ndipo serikali ikatoa fungu la utafiti: kijiji kitakachojenga bani la kukausha kwa jua tupu kitapewa karakana ya kutengeneza mabani ya namna hiyo kwa mkoa mzima. Zamda, kiongozi wa mafundi wa kijiji, akabuni tofali jipya la udongo na nyuzi za magome ya miyombo, tofali linalokumbatia joto la mchana likalala nalo hadi asubuhi. Humaidi, fundi bati kutoka Tabora mjini, akaezeka paa jeusi lenye kioo juu. Sharti lilikuwa moja tu. Kijiji fulani kilikuwa kimefumaniwa kikichochea kuni kwa siri huku kikilisifu jua. Kwa hiyo mkaguzi akikuta moshi, fungu limekwisha.

Ili joto lisitoroke, Zamda alipaka nta kwenye nyufa zote za ndani. Yeye, binti wa mrina asali! Tangu utotoni alimwona baba yake akipaka nta ndani ya mzinga mtupu ili kuwaalika nyuki. Lakini nani angewaza kuwa bani ni mzinga? Nyuki waliwaza. Wakaja wa Goweko wote, na inasemekana wa kijiji jirani cha Kigwa walipanda treni.

"Ndugu Ngollo," Zamda akaita taratibu, "tukupulizie moshi?"

Ngollo angejibuje, na nyuki wamemziba midomo? Macho tu ndiyo yaliyokuwa yakizunguka.

"Usithubutu!" Mzee Yahaya, mwenyekiti wa kijiji, akamdaka Zamda mkono. "Moshi ukipanda, karakana imekwenda."

"Na mtu je, mzee wangu?"

"Mtu ni mmoja. Kijiji ni wengi. Hiyo ndiyo siasa yetu."

"Basi nenda wewe ukazivae hizo ndevu."

Nyuki mmoja akachungulia pua ya Ngollo, akaingia. Chozi likamtoka mhandisi. Zamda akaifikiria karakana, na udongo alioukanda hadi kucha zikamtoka. Kisha akajinasua mkono, akawasha gome kavu, akapuliza.

Ndevu zikamomonyoka. Nyuki wakainuka wingu zima, jua likazibwa, kuku wa kijiji wakaenda kulala.

Ngollo akajipapasa uso. Hakuwa amechomwa hata mahali pamoja. Akapiga chafya, nyuki wa puani akatoka salama. Watu wakangoja neno lake.

"Nimekuta moshi," akasema.

Humaidi akacheka, akidhani ni mzaha. Hakuna aliyemfuata.

"Ndugu," Zamda akasema, "moshi huo si ndio uliokuokoa?"

"Umeniokoa, dada, na nitakuombea dua hadi naingia kaburini. Hilo ni langu mimi. Fungu ni la serikali, na sharti ni sharti."

Mzee Yahaya akakaa chini vumbini, puu. Zamda alihisi kama amemwagiwa maji ya mtungini. Alimtazama tu mhandisi akijikung'uta suti, akilielekea gari lake la wizara, akifungua mlango.

Ngollo akaganda. Nyuki walikuwa wamemtangulia. Usukani hauonekani, kiti hakionekani. Gari zima linanguruma na injini imezimwa.

Akageuka polepole.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo.

Zamda akalidondosha gome chini, akalikanyaga hadi cheche ya mwisho ikafa.

"Sharti ni sharti, ndugu," akasema. "Hapa kwetu hatuwashi moshi."