Kifua cha Mlinzi wa Geti

Jina la Mama Diploma alipewa na wadogo zake, na wala halikuwa la sifa. Alikuwa na diploma ya kompyuta, na kila aliyewahi kusalimiana naye alikuwa amekwisha kuambiwa.

Mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa ameacha kazi ya kushona zipu kiwandani akafungua duka lake mwenyewe. Kazi yake ya kwanza ya maana ikawa sare za wafanyakazi wa zahanati. Ikienda vizuri, duka limesimama. Ikiharibika, anarudi kwenye zipu na yule msimamizi wake mwenye filimbi. Mama Diploma hakusubiri kuombwa msaada.

"Hivyo vikaratasi unavyobandika kwa pini kwenye vitambaa, tupa," alimwambia. "Nitakuandikia programu. Unaingiza vipimo vya watu, ukimaliza unachapa vyote kwa mpigo, fundi wako anakata."

"Dada, vikaratasi havijawahi kunikosea."

"Na mshumaa haujawahi kukukosea. Mbona unawasha taa?"

Mdogo mtu akarudi kwenye cherehani yake. Kubishana na dada yake ni kama kubishana na feni.

Programu ikaandikwa kwenye meza ya jikoni, Jumamosi mchana, katikati ya kufua na kuwakaripia watoto. Alitunga aina moja ya kuhifadhia taarifa za kila mteja, akaiita Oda. Ndani yake akatunga aina nyingine ndogo, Vipimo, kama droo ndani ya kabati, na ndani ya droo akaweka kifua, kiuno na urefu wa mkono. Akajiona amefika.

Kompaila, ile programu inayokagua ulichoandika kabla kompyuta haijakubali kukifanyia kazi, ikamkatalia. Huwezi kuunda Vipimo, ilimwambia, kabla hujawa na Oda ya kuvibeba. Haikukosea, droo haielei hewani. Lakini ukitanguliza neno static mbele ya aina ya ndani, droo inaruhusiwa kutengenezwa peke yake, kabati liwepo lisiwepo. Akalitanguliza. Hapo hakuharibu kitu.

Kompaila ikahamia mstari mwingine. Umeandika kifua, ikalalamika. Kifua cha nani?

Mtu mtulivu angejibu swali. Mama Diploma, aliyezoea kuwasema akina mama wanaonyamazisha watoto kwa pipi, aliinyamazisha kompaila kwa static. Akaibandika mbele ya kifua, akaibandika mbele ya kiuno, na mkono nao usije ukalia. Kompaila ikatulia tuli.

Akamwita mumewe, akampima, akaingiza, akachapa. Vipimo vikatoka vilevile.

"Safi," mume akasema, kama anavyosema kuhusu kila kitu, pamoja na chai iliyosahauliwa sukari.

Wiki iliyofuata simu ikalia. "Dada, njoo dukani. Sasa hivi."

Dukani alimkuta fundi wa kukata, mzee wa makamo waliyemwita Mkasi, amesimama kando ya lundo la vitambaa vya bluu, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Mama, programu yako ni kiboko! Karatasi zote zimetoka saizi moja. Nikapanga vitambaa juu kwa juu, nikashusha mkasi mara moja tu. Kazi imekwisha kabla ya chai!"

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa sana. Nikasema, kumbe wauguzi wanachaguliwa kwa mwili. Karatasi imetoka kwenye kompyuta, mimi ni nani?"

Mdogo wake, aliyekuwa ametoka kununua vifungo wakati hayo yakitendeka, aliinua kipande cha mbele cha sare moja. Kingemtosha muuguzi, dada yake, na mwavuli.

"Hiki ni kifua cha nani?" aliuliza.

Kwa hiyo swali lilikuwa limeulizwa mara mbili, na mara zote mbili Mama Diploma ndiye aliyekuwa akitazama pembeni.

"Nani alipimwa mwisho?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mlinzi wa geti."

Mlinzi yule alikuwa akipita milangoni kwa ubavu.

Akafungua kompyuta, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Kuitoa droo kabatini hakukuwa na ubaya. Kila droo mpya ingebaki na vitu vyake. Ubaya ulikuwa ndani ya droo. Kifua alichokiwekea static si cha mtu tena. Ni kimoja tu kwa wote, kama ubao wa ukutani: kila anayekuja anafuta cha mwenzake anaandika chake. Na ukijaribu kwa mume mmoja tu, huwezi kujua kama anayefuata atamfuta.

"Unajua, kompyuta wakati mwingine..." alianza.

"Dada. Ni kompyuta au ni wewe?"

"Ni mimi." Maneno yalitoka kama jino.

Mkasi akapima lundo kwa macho. "Kikubwa kinapunguzwa. Tushukuru ni mlinzi. Angepimwa mwisho yule binti wa mapokezi, sasa hivi tungekuwa na leso."

"Tupunguze kufikia wapi?" mdogo mtu akauliza. "Vipimo vyenyewe havipo. Na muuguzi mkuu anakuja kesho kujaribu sare."

Mama Diploma akachukua utepe wa kupimia, akaenda zahanati mwenyewe.

"Si mlishatupima?" muuguzi mkuu akamshangaa. "Au tumenenepa?"

"Programu yangu imefuta vipimo vyenu. Kosa ni langu, fundi hana hatia."

"Aha! Wewe ndiye mwenye diploma." Akainua mikono apimwe. "Fanya haraka, nina wagonjwa."

Kesho yake muuguzi mkuu alivaa sare, akainama, akainuka, akageuka mbele ya kioo. Fundi cherehani alikuwa amebana pini midomoni akasahau kuzitoa.

"Mfuko wa kalamu usogezeni juu kidogo," muuguzi mkuu alisema. "Na za wale wa maabara mtaanza lini?"

Duka likawa limesimama. Mama Diploma akaondoa static kwenye kifua, kiuno na mkono, kila Oda ikabeba Vipimo vyake, akamwonyesha mdogo wake.

"Sasa iko sawa."

"Sikuamini. Weka watu wawili. Wewe kwanza, halafu mimi, halafu uchape wote."

Utepe ukamzunguka. Namba zikaingia. Zikafuata za mdogo wake, mwembamba kama uzi. Mashine ikanguruma, zikatoka karatasi mbili, na hakuna aliyefutwa. Kiuno cha Mama Diploma kilikuwa palepale, chote, hadi nusu inchi ya mwisho.

Akakitazama. Kwa dakika nzima alilitamani lile kosa lake kwa moyo wote.

"Inafanya kazi," alisema kwa ukali, akiikunja karatasi.

"Naona, dada," mdogo wake akajibu, akigeukia cherehani ili acheke vizuri. "Naona kabisa."