Mchanga wa Koti

Koti la marehemu mumewe, Vuai, lilikuwa la kutolewa sadaka. Bimdogo alilikung'uta chumbani mwao Guangzhou, Uchina, mchanga ukamwagika mezani.

Novemba ya tisini na saba waliiacha kwa muda biashara yao ya nguo, wakazunguka kwa gari jangwani kaskazini mwa nchi, kwenye hifadhi za matuta ya mchanga na magofu ya ngome, baridi ikiwauma masikio. Maji yalipowaishia, Vuai alipiga viganja mchangani, akatayamamu, akajitwahirisha kwa mchanga badala ya maji kabla ya kusali, kwa mara ya kwanza maishani.

"Mtu wa kisiwani mie," alisema, "ruhusa hii nimekuja kuionja uzeeni."

Sasa adhuhuri iliingia. Bimdogo alijua fika kuwa tayamamu haisihi palipo na maji. Hata hivyo alipiga viganja kwenye mchanga ule mezani, akajipaka uso. Kisha akasimama mbele ya bomba, maji yakitiririka, asithubutu kunawa, mchanga wa Vuai usije ukamtoka usoni.